Bunduki ya Viasi

Bibi yangu huweka ugoro wake ndani ya ganda la risasi. Ni ganda la shaba, lina urefu wa sentimita 8 na ushee, mdomo wake kauziba kwa kipande cha gunzi. Tangu nikiwa mdogo, kila likizo nikipelekwa Sikonge, nililiona limefundikwa kwenye pindo la khanga yake na sikuwahi kuuliza. Ugoro ni ugoro. Mpaka juzijuzi nimekwenda kumsalimia nikiwa mtu mzima, akanituma nimletee, nami nikaligeuza kitako juu. Pale chini, kwa duara, pana maandishi yaliyolika nusu: KYNOCH, na namba .470.

"Bibi, hili limetoka wapi?"

"La babu yako hilo."

"Kumbe babu alikuwa na bunduki kubwa namna hii?"

Akacheka hadi akapaliwa. "Babu yako alikuwa mbebaji, mjukuu wangu. Mpigaji alikuwa Mzungu. Babu yako mwenyewe alikuwa na gobori lake, na hilo gobori ndilo lililomfunga."

Kwamba babu aliwahi kufungwa nilikuwa najua. Nyumbani kwetu jambo hilo husemwa kwa sauti ya chini, tena wageni wakishaondoka: babu alikuwa jangili. Nisilolijua ni kwamba kufungwa na kubeba bunduki ya Mzungu vilitokea katika mwaka mmoja, miaka michache kabla ya Uhuru. Kiangazi kilipoanza alikwenda pori la Rungwa na msafara wa wageni, akafuata nyayo, akabeba bunduki ya mitutu miwili siku nzima, akampa mgeni wakati wa kupiga, tembo akaanguka, watu wakapigwa picha. Babu akapewa mshahara wake na ganda moja tupu kama ukumbusho. Kiangazi kilipokwisha alikamatwa na nyama ya kongoni. Miezi sita.

Basi nikarudi Dar na namba ile kichwani. Point 470. Mimi si mtu wa bunduki, hata manati sikuwa na shabaha nayo. Lakini nilitaka kujua kwa nini risasi moja ni ya mwindaji na nyingine ni ya jangili, nikaanza kusoma. Nilidhani nitakuta mambo ya wanyama. Nilikuta mambo ya watu.

Nianze na neno. Siku hizi sote tunasema risasi, tukimaanisha kitu kizima kinachoingia kwenye bunduki, na pia kile kipande kinachotoka mtutuni. Kiswahili cha zamani kilikuwa makini zaidi. Kulikuwa na bunduki ya gumegume, inayowashwa na jiwe. Kulikuwa na bunduki ya fataki. Na kulikuwa na bunduki ya viasi, yaani ile inayopakiwa kwa nyuma. Kiasi ndicho kitu kizima: ganda, fataki kitakoni, baruti ndani, kichwa cha risasi mdomoni. Ukitafuta katika kamusi za zamani utalikuta. Na ukifikiri utaona waliolichagua walijua walichokisema, kwa sababu jambo jipya katika bunduki hiyo halikuwa risasi, ambayo hata gobori linayo. Jambo jipya lilikuwa kipimo. Kiwandani mtu amekwisha kukupimia baruti, kila moja sawa na mwenzake. Mwenye gobori anapima mwenyewe, kwa kiganja, porini, pengine mvua inanyesha.

Nilimuuliza Bibi babu alilipakiaje lile gobori. Alinionyesha kwa mikono, maana alikuwa akimtazama kila jioni. Unamimina baruti nyeusi mdomoni. Unatia kitambaa, unashindilia kwa mdeki. Kisha risasi. Na risasi ilikuwa nini? Wakati mwingine timazi, wakati mwingine kipande cha nondo kilichokatwa kwa fundi chuma, wakati mwingine vichwa vya misumari. Unashindilia tena. Fataki ikikosekana mtu anahangaika na unga wa vichwa vya viberiti. Ukifyatua, moshi mweupe unakufunika uso, humwoni mnyama wala njia aliyopita. Kupakia mara ya pili ni shughuli ya nusu dakika na zaidi, kwa mtu ambaye hatetemeki.

"Na mnyama alikuwa anakufa?" nikauliza.

Bibi hakujibu upesi. "Wengine," akasema. "Wengine babu yako aliwafuata siku mbili, tatu. Wengine hakuwapata kabisa. Alikuwa akirudi hataki kula."

Naliandika hili kwa sababu najua hamu ya sisi vijana tukiandika historia. Tunataka babu awe shujaa na bwana nyama awe shetani, basi. Lakini kipande cha nondo kilichotoka kwenye mtutu usio na mifuo hakina usawa wowote, kikipita mita 40 kinakwenda kinakotaka chenyewe. Kongoni aliyepigwa tumboni na kitu kama hicho anakufa vibaya, na fisi ndio wanaofaidi. Sheria inayosema silaha hafifu isitumike kwa mnyama mkubwa haikutungwa kwa ujinga. Shauri langu na sheria hiyo liko mahali pengine.

Maana gobori lilikuwa silaha ya kila mtu zamani, hata Wazungu. Frederick Courteney Selous, huyu ambaye pori kubwa la kusini mwa Tanzania lilipewa jina lake mwaka 1922, alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 alikuwa na gobori. Lilikuwa kubwa mno, la risasi ya robo ratili, yaani kama gramu 113, na lilimpiga bega vibaya hata baadaye akajuta kwamba aliwahi kulitumia. Wakati huohuo huku kwetu, Tabora ikiwa mji wa misafara na pembe, Wanyamwezi walikuwa na wawindaji wao wa tembo wenye bunduki. Waliitwa makua, kwa jina la kabila la kusini lililosifika kwa kazi hiyo. Bunduki zao zilikuwa za gumegume na za fataki, zimepanda kutoka Bagamoyo na Unguja. Tippu Tip mwenyewe, katika kitabu alichosimulia maisha yake kwa Kiswahili, anasema jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake. Ukimsimamisha Selous wa 1872 karibu na mwindaji wa Unyamwezi wa mwaka huo, silaha zao ni ndugu. Tofauti iko kwenye viatu.

Baada ya miaka 30 tofauti ilikuwa kubwa kama bahari. Selous alikuwa na viasi, baruti isiyo na moshi, mtutu wenye mifuo. Mnyamwezi alikuwa na gobori lilelile. Watu husema "maendeleo yalichelewa kufika Afrika." Eti yalichelewa! Hayakuchelewa, yalizuiwa, na tarehe ya kuzuiwa inajulikana: 2 Julai 1890, katika mji wa Brussels. Huko ndiko mataifa 17 yalikotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Jambo jema, nani atapinga? Lakini ndani yake mna vifungu juu ya silaha. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, yaani karibu Afrika nzima ya katikati, ilipigwa marufuku kuingiza bunduki za mifuo na nyingine za kisasa, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Ambazo zingeweza kuachiwa ziuzwe ni zile za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida. Hata Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

Soma tena polepole. Mwaka 1890, mwaka ambao viwanda vya Ulaya vilikuwa vikishindana kutengeneza bunduki za raundi nyingi zisizotoa moshi, watu walikaa mezani wakaandika kwamba sisi tutoshe na jiwe la gumegume. Kaliba ya babu yangu ilichaguliwa siku hiyo, miaka 40 na kitu kabla hajazaliwa.

Sasa nirudi kwenye .470, maana namba hii nayo ina siri yake, na ndiyo iliyonifanya niache kusoma usiku mmoja nikatoka nje kupunga upepo.

Mwaka 1889 Waingereza walipata baruti mpya, kordaiti, inafanana na tambi, haitoi moshi mzito na inasukuma kwa nguvu kuliko ile nyeusi. Mwaka 1898 fundi wa London, Rigby, akaitia katika kiasi kirefu chenye kichwa cha inchi 0.45, akapata bunduki ya tembo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuibeba na kuifyatua bila kuteguka bega. Hiyo ndiyo .450. Ilipendwa Afrika na India. Mambo yangeishia hapo, na ganda la Bibi lingeandikwa .450. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ya Waingereza ikapiga marufuku bunduki na risasi za .450 kuingia India na Sudan. Kwa nini? Kwa sababu bunduki za zamani za jeshi lao, Martini-Henry, zilikuwa za kipenyo hichohicho, na nyingi zilikuwa zimeangukia mikononi mwa watu waliokuwa wakipigana nao. Waliogopa vichwa vya risasi za wawindaji visije vikaishia kwenye bunduki za waasi.

Mafundi wa London hawakulia. Walikaa wakapima upya, wakatoa .465, .470, .475, .476. Zote ni kazi ileile, zote ziko jirani na .450 kama nyumba za uswahilini, ila haziingii kwenye Martini. Katika hizo .470 ndiyo iliyopata soko kuliko nyingine. Kichwa gramu 32, mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde, bunduki yenyewe kama kilo 5. Kwa hiyo ukikutana na mtaalamu akikueleza kwamba .470 ni chaguo la busara kwa tembo na nyati, mwambie sawa bwana, lakini namba hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya tembo. Tembo angekufa vizuri tu kwa .450. Namba ile ilichaguliwa kwa ajili ya watu. Na Bibi anatilia ugoro humo.

Ubishi wa kaliba kati ya wawindaji ni kama wa Simba na Yanga, haukuanza leo na hautakwisha kesho. Upande mmoja wanasema kubwa ndiyo kubwa. Upande wa pili wana jina moja tu, wakilitaja wanaona wamemaliza: Bell.

Walter Dalrymple Maitland Bell alikuwa Mskochi, alizaliwa 1880. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikwenda Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, wakati serikali ilikuwa haijafika huko vizuri, akaua tembo wengi hata akaitwa Karamojo Bell. Katika maisha yake alipiga zaidi ya 1,000. Na sehemu kubwa ya hao aliwapiga kwa Mauser ya milimita 7, kiasi kilichotengenezwa kwa ajili ya wanajeshi na kuchukuliwa na jeshi la Hispania mwaka 1893, kilekile ambacho Makaburu waliwapigia Waingereza katika vita ya 1899 hadi 1902. Rigby alikiuza kwa jina la .275. Kichwa chake ni kama gramu 11, theluthi moja ya .470. Ukiviweka pamoja mezani ni kama kalamu na muhogo.

Aliwezaje? Hapa ndipo penye elimu, na nitakaa kidogo. Bell alichukua fuvu la tembo akalipasua kwa msumeno kutazama ubongo umekaa wapi. Kichwa cha tembo ni kikubwa kama mlango wa duka, lakini ndani yake mna mfupa wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, na ubongo wenyewe ni kitu kidogo kilichojificha nyuma, karibu na usawa wa masikio. Akipigwa hapo anaanguka papo hapo, na risasi ya gramu 11 inatosha. Asipopigwa hapo, hata ya gramu 32 inaweza kumyumbisha tu, akainuka. Kwa hiyo Bell alijifunza pembe zote: tembo akiwa ubavu, akiwa ametazama, akiwa anaondoka na umeegemea nyuma yake.

Jambo la pili ni kichwa cha risasi chenyewe. Alitumia kile cha kijeshi, cha duara mbele, kirefu, kilichovikwa koti la chuma gumu kote. Hakipasuki wala hakipindi, kinatoboa moja kwa moja. Lau angetumia cha risasi laini kingechanua kwenye mfupa kikaishia hapo. Na hili watu wengi hawalielewi, wanadhani kuchagua risasi ni kuchagua ukubwa. Ukubwa ni nusu ya habari. Kichwa laini, ambacho ncha yake iko wazi, kikiingia mwilini kinachanua kama ua na kuacha jeraha pana. Hicho ndicho cha kongoni, cha swala, cha simba, wenye ngozi nyembamba, kwa sababu hutaki risasi ipite upande wa pili na nguvu yake yote. Kichwa kigumu ni cha tembo na kifaru. Nyati yuko katikati, na wawindaji wanaweza kugombana kutwa nzima juu yake. Ukitumia kigumu kwa swala unamtoboa tundu kama la sindano, anakimbia. Ukitumia laini kwa kichwa cha tembo, Mungu akusaidie.

Jambo la tatu ni uzito wa bunduki na tabia ya mtu. Bell alitembea sana. Bunduki nyepesi aliibeba mwenyewe mkononi kutwa nzima, ipo tayari. Haikumpiga bega, kwa hiyo hakuwa na woga wa kuifyatua, na mtu anayeogopa bunduki yake hufumba macho. Tena risasi za Kijerumani alizopata zilikuwa za kuaminika, haziishii "tik" halafu kimya mbele ya mnyama.

Lakini washabiki wa Bell husahau kusema mengine. Karamoja ile ilikuwa nyasi na uwazi, na tembo wengi walikuwa hawajazoea bunduki. Alikuwa na nafasi ya kusimama na kulenga. Mtu ambaye ana wiki mbili za likizo, moyo unamdunda, tembo yuko kwenye kichaka mita 15, huyo si Bell. Kwa mtu huyo risasi kubwa ni kama breki ya akiba, haimfanyi dereva mzuri ila akikosea kidogo bado anaweza kufika. Mimi naona hapo pande zote mbili zinasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia mtu tofauti.

Na Bell mwenyewe, nani alimfuatia nyayo? Nani alimbebea pembe kuteremka mpaka sokoni? Walikuwepo watu, wengi, msafara mzima.

Hapa niwaambie kitu ninyi wenzangu mnaotaka kuandika hadithi. Mwaka 1936 Hemingway alichapisha hadithi yake ya Francis Macomber, tajiri wa Kimarekani anayemkimbia simba huku kwetu. Itafuteni muisome kwa jicho la bunduki. Mwindaji anayewaongoza ana .505 Gibbs. Macomber ana Springfield ya .30-06. Mkewe anafyatua Mannlicher ya 6.5. Kila mtu kapewa kaliba yake, na ukijua kaliba umejua tabia, ni ufundi mkubwa. Mbeba bunduki mzee humo ndani anaitwa Kongoni. Jina la mnyama, basi, na anachoruhusiwa kusema ni kidogo sana. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Nilimwona babu yangu, kasimama nyuma ya kila picha, kilo 5 begani.

Sheria nazo zilikuja na kaliba zake. Mwaka 1912 Holland & Holland wa London walitoa .375 Magnum, kichwa gramu 19, mwendo kama mita 760 kwa sekunde. Si kubwa sana, si ndogo. Kinaweza kupiga mbali kwa swala, na kwa kichwa kigumu kinaweza kumwangusha tembo. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikakifanya kuwa kima cha chini kwa wanyama hatari. Idara za wanyama za wakati wa Waingereza zilipenda .404 Jeffery, na hiyo iliwekwa hata mikononi mwa askari wanyamapori Waafrika waliotumwa kuua tembo waharibifu wa mashamba. Kwa hiyo ule uongo kwamba Mwafrika hawezi kutumia bunduki ya viasi porini ulikuwa umekwisha kuumbuliwa na serikali yenyewe. Aliweza, akivaa sare. Akivua sare akarudi kijijini, alirudi kwenye gobori.

Na hadithi ya babu haikuwa ya Sikonge peke yake. Kule Kenya, nyika ya Tsavo, Waata walikuwa wakiwinda tembo kwa mshale. Upinde wao ulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuuvuta, nisingeuvuta mimi wala wewe. Sumu yao ilipikwa kutokana na msunguti, mti ambao utomvu wake ukiingia damuni husimamisha moyo. Walipiga tumboni kwa karibu, palipo laini. Nao walikuwa na ubishi wao wa kaliba: sumu ya nani ni mbichi, ya nani imelala, inatosha tembo au inatosha pofu tu. Katikati ya miaka ya 1950 wakuu wa hifadhi ya Tsavo waliendesha msako mkubwa dhidi yao, wakakamatwa kwa mamia na kupelekwa jela. Miaka hiyohiyo wageni wenye leseni walikuwa wakipanda meli na ndege kuja Nairobi, na .470 zao ndani ya masanduku ya ngozi.

Tanzania ilisimamisha uwindaji wa kitalii mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977 na haijaurudisha. Na katika miaka hiyo ikaja risasi ambayo haikuchaguliwa na mwindaji yeyote: ile ya AK-47, kichwa gramu 8, imetengenezwa kwa ajili ya watu katika vita. Kwa tembo ni risasi mbaya kabisa. Wanaoitumia wanajua, ndiyo maana wanamimina nyingi. Kenya ilikuwa na tembo wapatao 167,000 mwaka 1973, ilipofika 1989 walibaki kama 16,000. Selous, pori lile la yule bwana wa gobori la robo ratili, lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970, na hesabu ya 2013 ilikuta kama 13,000. Sehemu kubwa ya pori hilo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sasa ukimwambia kijana wa mjini neno jangili, anachokiona ni mtu wa AK na gari la pembe. Neno ni lilelile alilobandikwa babu, kwa kongoni mmoja na kipande cha nondo.

Nilirudi Sikonge mwezi uliopita, nikamsimulia Bibi haya yote, ya Brussels, ya Bell, ya India. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza redio. Nilipomaliza nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo: yule kongoni, babu alimpiga kwa sababu gani?

"Shemeji yako alikuwa anaolewa," akasema. Bibi huwaita shangazi zangu shemeji, utani wake wa siku zote. "Hapakuwa na kitoweo."

"Na leseni?"

"Aliiulizia. Alikwenda kule ofisini na hela yake ya safari, ile aliyolipwa na Mzungu. Wakamwuliza una bunduki gani. Akasema gobori. Wakasema hilo halifai."

"Si angenunua inayofaa?"

Bibi alinitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono nimrudishie ganda lake, akalichomoa gunzi, akaligonga kitako kwa kidole mara mbili ili ugoro ushuke.